Kabla ya Kuhamia Dar, Uliza Maji Yanapita Wapi

Chumba changu cha kwanza Dar es Salaam kilikuwa na soketi zilizofungwa juu sana, usawa wa bega. Nilikuwa nimetoka Njombe na begi moja, nikadhani fundi aliziweka huko ili watoto wasichezee umeme. Ukuta nao ulikuwa na rangi mpya kuanzia sakafuni hadi kiunoni, juu yake rangi ya zamani. Dalali hakusema, mimi sikuuliza, nikalipa kodi ya miezi 6. Masika yalipoingia ndipo nikaelewa. Usiku wa manane jirani, mama wa makamo, aligonga mlango: "Mwanangu, amka, pandisha godoro mezani, maji hayo!" Vitu vyake vyote vilikuwa vimeshapandishwa tangu jioni.

Mpwa wangu naye sasa anataka kuja. Swali lake la kwanza kwenye simu lilikuwa la bei ya chumba, na karibu kila anayeniuliza huanzia hapohapo. Mimi naona bei ije mwisho. Dar kwanza ulizia maji, yale ya mvua na yale ya bombani.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji na kumwaga baharini karibu na Daraja la Selander. Kiangazi ni kijito cha kuruka. Mvua ikikaza, Jangwani pote hugeuka ziwa, na Barabara ya Morogoro hufungwa pale kwa saa kadhaa, wakati mwingine zaidi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu, na familia nyingi za mabondeni zikapewa viwanja Mabwepande. Hata hivyo, vyumba vya bondeni bado vinapangishwa kila siku, kwa sababu viko karibu na mjini na bei yake inavutia. Mgeni aliyekuja Agosti, ardhi ikiwa kavu, atajuaje? Aangalie soketi. Aangalie kuta za nje za majirani, maana mstari wa tope haufutiki kirahisi. Kisha amuulize mama anayeuza vitumbua hapo nje, ambaye hana kamisheni ya kutafuta: "Mama, Aprili hapa kunakuwaje?" Atamwambia yote.

Maji ya kutumia nayo ni habari nyingine. Jiji linategemea sana Mto Ruvu, na Oktoba 2022, mto ulipopungua, mgao ukaanza. Kuna mitaa ambayo bomba hutoka siku mbili kwa wiki, tena usiku. Nyumba nyingi zina kisima, lakini onja kwanza. Maji ya chumvi hayatoi povu la sabuni, chai yake hainyweki, na utaishia kununua maji yasiyo na chumvi kwa dumu. Mpangaji anayeona chumba ni nafuu kwa elfu 20, halafu mwezi mzima ananunua madumu, ameshapigwa hesabu.

Umbali ni hivyohivyo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 Dar, na asubuhi unaona kama wote wanaelekea Posta na Kariakoo. Ukipata kazi mjini, usikubali chumba cha Chanika, huko pembezoni mwa jiji, kabla hujapanda daladala kutoka huko saa 12 asubuhi, siku ya kazi. Waliopanga kando ya njia ya mwendokasi husimama foleni ndefu, lakini angalau wana njia yao.

Joto la Desemba hadi Machi, chagua dirisha pande mbili na bati lenye dari chini yake. Umeme, omba mita yako mwenyewe. Ugomvi wa kuchangia luku umeshavunja urafiki mwingi.

Linaloniuma hasa ni hii kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali juu yake anachukua ya mwezi mmoja. Ndiyo iliyonifunga kwenye maji. Baada ya usiku ule nilitamani kuondoka kesho yake, lakini akiba yangu yote ilikuwa mfukoni mwa mwenye nyumba. Kijana anayeanza maisha hapaswi kufungwa hivyo. Hadi hapo sheria itakapombana mwenye nyumba, bembeleza miezi 3, hata kama itabidi uongeze kidogo kwa kila mwezi.

Mpwa wangu alinipigia tena juzi: "Mjomba, dalali amepata chumba Kigogo, anataka hela leo." Kigogo nako Msimbazi unapita, nikamwambia asitume hata shilingi. Atafikia kwangu Ubungo, atalala sebuleni mpaka mvua kubwa tatu zipite, halafu tutatoka wawili, kwa miguu, tukiwa na mabuti.