Kipepeo monaki na ratiba ya kufyeka nyasi mjini

Mwaka 2014, jiji la St. Louis, Missouri, lilipokuwa likitimiza miaka 250, meya wake wa wakati huo, Francis Slay, aliahidi kwamba jiji litapanda bustani 50 za kumsaidia kipepeo monaki, mhamaji wa Amerika Kaskazini ambaye idadi yake imeshuka sana. Aliwaomba wakazi waongeze nyingine 200 ili hesabu ilingane na umri wa jiji. Mwaka uliofuata shirika la National Wildlife Federation likaanzisha ahadi ya mameya kuhusu kipepeo huyo huyo, na tangu hapo mamia ya viongozi wa miji ya Marekani, Canada na Mexico wametia saini. San Antonio, Texas, ilikwenda mbali zaidi kwa kukubali hatua zote 24 zilizoorodheshwa katika ahadi hiyo.

Kutia saini hakugharimu kitu, na picha ya meya akiwa ameshika koleo inapendeza. Swali ni kama kipepeo mwenyewe anapata chochote.

Kila vuli, monaki wa mashariki ya milima ya Rocky husafiri kutoka kusini mwa Canada na kaskazini mwa Marekani hadi misitu ya milimani ya Michoacán na Jimbo la Mexico, wengine wakipita kilomita 4,000. Hufika mwanzoni mwa Novemba, karibu na Siku ya Wafu, sikukuu ya Mexico ya kuwakumbuka marehemu, wakajikusanya juu ya miti ya oyamel, jamii ya misonobari, mpaka matawi yanainama kwa uzito. Kwa wingi huo hakuna awezaye kuwahesabu mmoja mmoja, kwa hiyo hupimwa kwa eneo la msitu walilolifunika. Msimu wa 1996–97 walifunika hekta 18 hivi. Msimu wa 2013–14 zilibaki hekta 0.67. Mwaka 2023–24 ilikuwa 0.9, kisha wakapanda kidogo hadi 1.79 msimu uliofuata. Desemba 2024 idara ya wanyamapori ya serikali kuu ya Marekani ilipendekeza waingizwe kwenye orodha ya viumbe wanaotishiwa kutoweka.

Ukataji wa misitu Mexico umechangia, ukame na baridi za ghafla vimechangia, lakini sehemu kubwa ya kisa iko kwenye chakula cha watoto. Kiwavi wa monaki hali kitu kingine isipokuwa mimea ya jamii ya Asclepias, magugu yenye utomvu mweupe mfano wa maziwa na sumu inayomfanya kipepeo asilike kwa urahisi na ndege. Zamani magugu hayo yaliota katikati ya mahindi na soya katika majimbo kama Iowa na Illinois. Kuanzia 1996, mbegu zinazostahimili glaifoseti, dawa ya kuua magugu, ziliposambaa, mkulima aliweza kupulizia shamba zima bila kuumiza mazao yake. Shamba likawa safi, na kiwavi akakosa pa kula.

Hapo ndipo mji unapoingia, na wanaoutetea wana hoja nzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Watafiti wakiwemo wa Field Museum, jumba la makumbusho la Chicago, walikadiria mwaka 2019 kwamba maeneo ya mijini yanaweza kubeba karibu theluthi moja ya magugu mapya yanayohitajika ili monaki arudi katika hali salama. Mji una ardhi nyingi isiyo na kazi maalumu: kando za reli, makaburi, viwanja vya shule, ua wa mbele wa nyumba, mabonde ya mafuriko. Tena tabia ya kipepeo yenyewe inaufaa mji. Jike hatagi mayai yake rundo moja. Huacha yai moja hapa na jingine pale, akitoka mmea hadi mmea. Vijibustani vilivyotawanyika mtaani si dosari kwake.

Wenye shaka nao wanashika hesabu ile ile na kuisoma kutoka upande wa pili. Theluthi moja ikitoka mjini, theluthi mbili zitatoka wapi? Utafiti mwingine wa 2017 uliopiga hesabu ya eneo la kati la Marekani, ambako mashina ya magugu hayo zaidi ya bilioni moja yanatakiwa kuongezwa, uliona kwamba ni vigumu mno kuufikia mzigo huo bila ardhi ya kilimo kushiriki. Wasiwasi wao ni wa kisiasa zaidi ya kibaiolojia: kila meya anapopanda bustani, wanaotunga sera za kilimo Washington wanapata pumziko. Nadhani wana haki ya kuwa na wasiwasi huo, ila sijaona ushahidi kwamba bustani ya mjini ndiyo inayozuia sheria ya kilimo kubadilika. Kilicho karibu na ukweli ni kwamba bustani inaweza kuwa mapambo huku jiji lenyewe likiendelea na desturi zinazoua wadudu.

Desturi ya kwanza ni dawa ya mbu, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa kwa nini watu hupulizia. Agosti 2016, wakati hofu ya Zika, virusi vinavyoenezwa na mbu na kudhuru mtoto tumboni, imetanda, kaunti ya Dorchester huko South Carolina ilipulizia dawa ya naled kwa ndege, asubuhi, saa ambayo nyuki tayari walikuwa wametoka kwenye mizinga. Mamilioni ya nyuki walikufa. Kaunti haikuwa na nia mbaya. Ilikuwa ikiwalinda wajawazito. Kwa hiyo anayedai upuliziaji ukomeshwe kabisa kwa ajili ya kipepeo atapoteza hoja, na astahili kuipoteza. Anayedai utaratibu ubadilishwe ana msimamo imara zaidi: kutibu kwanza maji yaliyotuama kwa bakteria wanaoua viluwiluwi vya mbu, kupulizia kutoka angani pale tu ugonjwa unapothibitika, kufanya hivyo usiku, na kuwatangazia wafugaji wa nyuki mapema. Hata usiku hakuna usalama kamili, maana monaki wanaosafiri hulala kwa makundi juu ya miti, lakini hasara hupungua.

Desturi ya pili inatoka kwa wema. Wakazi wa Florida, Texas na pwani ya California walipoambiwa wapande chakula cha monaki, wengi walikwenda kitaluni na kununua aina ya kitropiki, Asclepias curassavica, yenye maua mekundu na manjano ya kuvutia. Mahali pasipo na baridi kali mmea huo haukauki msimu wa baridi. Vipepeo hukaa na kuzaliana badala ya kuendelea na safari, na kimelea kiitwacho OE hujilimbikiza juu ya majani na kuambukiza kizazi baada ya kizazi. Jiji linalogawa miche bila kuangalia aina linaweza kuwa limefungua kituo cha maradhi. Aina za asili za eneo husika hazina uzuri wa dukani, na baadhi ni ngumu kuotesha, lakini hukauka wakati unaotakiwa zikauke.

Halafu kuna kampeni ya kutokata nyasi mwezi Mei, iliyoanzia Uingereza na kupokewa na Appleton, Wisconsin, mwaka 2020. Utafiti uliosifu matokeo yake Appleton uliondolewa mwaka 2022 kwa sababu ya kasoro, na tangu hapo wapinzani wana la kusema. Kwangu tatizo kubwa zaidi ni kalenda. Monaki hufika Wisconsin kuanzia katikati ya Mei, na viwavi wake wanahitaji majani Juni, Julai na Agosti. Kuacha nyasi mwezi mmoja kisha kuzifyeka zote Juni mosi ni kumnyang'anya mgeni chakula mara tu anapofika. Baadhi ya nyuki wa mapema hunufaika, sikatai.

Na nyuki wenyewe si kundi moja. Kampuni nyingi hupenda kuweka mizinga ya nyuki wa asali juu ya paa na kujitangaza kuwa rafiki wa wachavushaji, yaani wadudu wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua. Montréal mizinga iliongezeka kutoka chini ya 250 mwaka 2013 hadi karibu 3,000 mwaka 2020, na watafiti walikuta aina za nyuki wa porini zimepungua pale mizinga ilipozidi. Nyuki wa asali ni mfugo. Kumwongeza hakumsaidii monaki, na kunaweza kumnyang'anya nyuki wa porini chavua kidogo iliyopo.

Hata hivyo yapo mambo ambayo mji au jimbo pekee ndilo linaweza kuyafanya, na mengi ni ya kisheria. Mpaka 2014 jimbo la Ontario, Canada, liliyaweka magugu haya ya Asclepias kwenye orodha ya magugu hatari, yale ambayo sheria inaruhusu kuamuru yang'olewe. Mwaka huo likayaondoa. Huko Columbia, Maryland, familia moja iliyojaza ua wake mimea ya asili iliamriwa na chama cha wenye nyumba irudishe nyasi fupi. Ilikwenda mahakamani, na mwaka 2021 jimbo likapitisha sheria inayovizuia vyama hivyo kupiga marufuku bustani za wachavushaji.

Majirani wanaolalamika si wabaya wote. Kupe ni hatari ya kweli katika sehemu nyingi za kaskazini-mashariki ya Marekani, na vichaka vinavyoziba njia panda husababisha ajali. Utomvu wa magugu haya ni sumu kwa mifugo, jambo linalohusu kingo za mji zinazopakana na malisho. Sheria ndogo inayotaka mimea ifyekwe mita kadhaa kutoka barabarani na njiani, na kuruhusu sehemu iliyobaki ikue, inajibu karibu malalamiko yote hayo bila faini kwa mwenye bustani.

Ndiyo maana ningeipima miji kwa kile inachoacha kufanya kabla ya kuhesabu ilichopanda. San Antonio iko kwenye njia ya monaki mara mbili kwa mwaka: Machi na Aprili, wanaporudi kutoka Mexico na kutaga kizazi cha kwanza, na Oktoba, wanapokunywa nekta ya kuwavusha hadi milimani. Huko Minneapolis ingefaa wafyekaji wasubiri toka Juni hadi Septemba. Mikataba ya kufyeka kingo za barabara na ratiba za kupulizia dawa ni nyaraka za umma. Mkazi ambaye meya wake ametia saini ahadi anaweza kuziomba, aziweke kando ya miezi hiyo, aone kama mashine inapita wakati viwavi wako kwenye majani.