Msimamizi Yuko Dodoma

Mwenzenu natafuta msimamizi. Wa harusi ningeshampata kitambo, maana kule kuna suti na pilau. Huyu wangu ni wa utafiti wa kujitegemea, na hilo jina ndilo lililoniponza. Nilidhani najifungia chumbani na laptopu, naibuka mwisho wa muhula na kurasa zangu mkononi. Kumbe kabla hujajitegemea sharti mhadhiri mmoja akubali kukushika mkono, asaini fomu pale penye nukta nukta, ndipo idara iamini kwamba unajitegemea.

Mada yangu ni misemo ya kwenye daladala. Mnaijua: “Hasidi Hana Sababu”, “Riziki Mafungu Saba”, na lile basi la njia yetu lililoandikwa “Haraka ya Nini” na kila siku linapita pembeni ya barabara, mavumbini, kama limeiba kuku. Mwaka wa tatu huu niko Dar es Salaam, saa nilizokaa kwenye foleni zimezidi nilizokaa darasani. Nikasema acha nizivune.

Mhadhiri wa kwanza nilimvizia mlangoni. Shikamoo Dokta. Marahaba, una dakika tano. Akasoma huku anamenya chungwa.

“Mada pana mno. Tanzania nzima utaimaliza lini?”

Nikaipunguza ikawa Dar es Salaam. Bado pana. Nikaipunguza ikawa njia ya Mbagala kwenda Kariakoo. “Hapo sasa unakuja.” Wiki iliyofuata nikamletea njia hiyohiyo, vioo vya nyuma peke yake. Akaishika karatasi kwa vidole viwili.

“Mbona imekonda hivi? Halafu pengo la utafiti liko wapi?”

Pengo ninalo, la jino, nililipata dereva alipokanyaga breki ghafla nikabusu kiti cha mbele. Ila nilijua siyo analouliza. Akanielekeza kwa mwenzake wa isimujamii, yaani mambo ya lugha na jamii, chumba cha tatu kushoto, akarudi kwenye chungwa lake.

Wa isimujamii yuko Dodoma. Najua serikali ilianza kuhamia huko mwaka 2016, lakini hakuna aliyenitaarifu kwamba na idara yetu ilipanda kwenye msafara. Ukimuulizia huyu, yuko kikaoni Dodoma. Yule, Dodoma, semina. Nikabaki kwenye benchi la ukumbini pamoja na kaka mmoja wa uzamivu, ambaye benchi limeshamzoea hadi limeweka shimo upande wake. Katibu muhtasi akinipita ananiambia, “Mwanangu, bado upo tu?” kwa sauti ile ya kumuuliza mgonjwa.

Nikamtumia huyo Dokta wa isimujamii ujumbe. Tiki mbili. Zikawa bluu. Zikabaki bluu siku tisa.

Fedha nazo zinakwenda. Kila wakisema rekebisha, nakimbilia steshenari: kurasa 12, shilingi 100 kila ukurasa, hiyo 1,200 imekwenda na mimi bumu langu, ile hela ya mkopo wa chuo, nililimaliza kwa heshima zote mwezi uliopita. Nikijitia kutoa 200 ya wanafunzi kwenye daladala, konda ananikagua ndevu. “Mwanafunzi wa wapi wewe? Una watoto wangapi?” Gari zima linacheka, mimi naongeza hela.

Sasa Alhamisi jioni, nimepandia Mwenge, nimeshika bomba, kwapa la mtu liko jirani na pua yangu. Nikainamisha macho: nani kakaa dirishani, mkoba mapajani? Dokta wa Dodoma! Gari lake liko gereji.

“Shikamoo Dokta.”

“Marahaba. Tunafahamiana?”

“Mimi ndiye wa tiki za bluu.”

Kulia kuna kioo, kushoto kuna mama mwenye beseni la samaki. Dokta hana pa kwenda. Nikamwaga mada yote kutoka Mwenge mpaka karibu na Ubungo, nikimwonyesha kwa kidole mfano hai uliobandikwa juu ya kichwa cha dereva: “Kaa kwa Adabu”. Akacheka! Akauliza maswali mazuri ambayo kule kwa chungwa sikuyasikia: nani anauchagua msemo, mwenye gari, dereva au mchoraji? Gari likiuzwa, msemo unafutwa? Nikahisi nalia. Akasema lete fomu.

Pa kuandikia hapakuwapo, nikageuka nikampa mgongo wangu. Kalamu imegusa karatasi, dereva naye akakanyaga breki kumgombea abiria mmoja. Saini ikaanza vizuri, ikateleza, ikavuka sehemu ya tarehe, ikaishia kwenye nembo ya chuo.

Ijumaa asubuhi nikaipeleka idarani natembea kifua mbele. Katibu muhtasi akavaa miwani.

“Hii siyo saini ya Dokta. Ya Dokta haina mkia.”

“Mama, dereva alifunga breki.”

“Kwenye fomu hakuna sehemu ya dereva. Kasainishe upya.”

Nikamtumia Dokta ujumbe, na safari hii akajibu palepale: “Niko Dodoma. Narudi Jumatatu.”

Gereji nimeshapita kuulizia. Fundi anasema gari lile bado linasubiri gia boksi. Kwa hiyo Jumatatu saa kumi na moja jioni niko kituoni Mwenge na fomu mpya, na ndani ya begi kuna ubao wa dada wa kukatia mboga, wa kutandika chini ya karatasi. Dada mwenyewe bado hajagundua.