Mississippi John Hurt wa 1928 Hahitaji Hadithi ya 1963

Kila mkusanyiko wa rekodi za kwanza za Mississippi John Hurt, mwimbaji na mpiga gitaa mweusi wa Marekani, hutolewa pamoja na hadithi ileile, nayo ni tamu kiasi cha kuufunika muziki wenyewe. Mkulima wa Avalon, kijiji kidogo katika kaunti ya Carroll, jimbo la Mississippi, anarekodi nyimbo kadhaa mwaka 1928. Mdororo wa uchumi unaiangusha biashara ya santuri. Naye anarudi shambani hadi mwaka 1963, pale kijana mmoja aitwaye Tom Hoskins anapomfuata kijijini kwa kuongozwa na wimbo ambamo Hurt mwenyewe aliitaja Avalon kuwa ndiko kwao. Mwaka huohuo mzee anapanda jukwaa la Newport, tamasha la muziki wa asili nchini Marekani, na kushangiliwa na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipoingia studio. Yote hayo yalitokea. Ninachokikataa ni jinsi yanavyotufanya tuzisikilize rekodi 13 zilizosalia za mwaka 1928 kana kwamba ni utangulizi tu wa yule babu mpole wa miaka ya 1960.

Hurt wa 1928 hakuwa chipukizi. Alikuwa mtu mzima aliyepita miaka 30, aliyejifundisha gitaa tangu utotoni na kuzichezesha hafla za kijijini kwao kwa miaka mingi, na ukomavu huo unasikika tangu wimbo wa kwanza. Kidole gumba kinapokezana kwenye nyuzi nene bila kukosa pigo hata moja, huku vidole vinavyofuata vikiimba sauti ya juu kwa uhuru wao, mara vikitangulia pigo, mara vikilisubiri. Anayelijua gitaa la Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye naye alipiga Newport mwaka 1969, atautambua mgawanyo huo wa kazi mara moja, ingawa sidai kwamba mmoja alijifunza kwa mwenzake. Katika "Frankie" mwendo ni wa kasi, na bado hakuna noti inayomezwa.

Kisha iko sauti, ambayo wengi huiita laini na kuishia hapo. Hurt haimbi kwa kulipasua koo kama Charley Patton, mwimbaji mwingine wa bluzi wa Mississippi. Anaimba kama mtu anayezungumza na aliyeketi karibu naye. Mtindo huo ulikutana na bahati ya wakati, kwa kuwa viwanda vya santuri vya Marekani vilianza kutumia maikrofoni mwaka 1925, na bila ya chombo hicho mwimbaji wa aina yake angepotea katika ile honi ya zamani ya kurekodia iliyohitaji sauti kubwa. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba huko Memphis, alikorekodi kwa mara ya kwanza, walimsogezea maikrofoni hadi mdomoni na, walipopata mahali panapofaa, wakamwambia asitikisike. Ukaribu tunaousikia, kwa hiyo, si tabia ya mtu pekee, bali ni kazi ya studio pia.

Lakini upole huo unasimulia nini? Hapa ndipo taswira ya babu mpole inapovunjika, kwa sababu rekodi hizi za 1928 zimejaa mauaji. Frankie anampiga risasi Albert. Stack O' Lee anamuua Billy Lyons anayemsihi kwa ajili ya mke na watoto wake, katika wimbo uliotokana na tukio halisi la St. Louis la Krismasi ya mwaka 1895. Muuaji wa kweli, Lee Shelton, alifungwa gerezani, ila Hurt anampeleka kwenye kitanzi na kusema watu walifurahi kumwona akifa. Katika "Louis Collins" mambo ni mazito zaidi. Mama analia, risasi zinahesabiwa kama mtu anayehesabu senti, habari za kifo zinapofika watu wanavaa mavazi mekundu, na kila baada ya ubeti kiitikio kinarudi na malaika wanaomlaza marehemu. Gitaa halibadiliki hata kidogo. Halina huzuni ya makusudi wala kishindo wakati wa risasi. Baadhi ya wasikilizaji huuona utulivu huo kuwa ni wema wa moyo. Mimi nauona kuwa ni uamuzi wa msimulizi anayejua kwamba habari ya kutisha haihitaji kuongezewa kitisho kwa sauti, na uamuzi wa namna hiyo ni ufundi, hata kama aliyeufanya alikuwa mkulima.

Ufundi huo unafika kilele katika "Spike Driver Blues". Nyimbo nyingi za John Henry humtukuza shujaa aliyeshindana na mashine na kufa na nyundo mkononi. Hurt anageuza mambo: mfanyakazi wake anaitoa nyundo ile, anaagiza ipelekwe kwa msimamizi, na anasema kwamba iliyomuua John Henry haitamuua yeye. Kisha anaondoka zake. Sijui wimbo wa kazi unaosema mengi zaidi kwa maneno machache kiasi hicho.

Kuna jambo moja ambalo mikusanyiko hii huligusa kwa haraka, nalo ni mkono wa kampuni. Aliyempendekeza Hurt kwa OKeh, kampuni iliyomrekodi, alikuwa jirani yake, mpiga fidla mzungu Willie Narmour, na wawili hao walikuwa wamepiga muziki pamoja kijijini. Hata hivyo, santuri za Narmour ziliingizwa katika orodha ya muziki wa wazungu wa mashambani na za Hurt katika orodha ya muziki wa watu weusi, na neno "Mississippi" likabandikwa mbele ya jina lake ili auzike. Huko Memphis, Februari 1928, alirekodi nyimbo 8 na zikatolewa 2 tu; nyingine nyingi tulizonazo ni za New York, Desemba mwaka uleule. Hivyo mwenye kumweka Hurt katika fungu la bluzi za delta, yaani za nyanda tambarare za Mississippi, anaifuata lebo ya muuzaji. Avalon iko ukingoni mwa vilima, na nyimbo zake ni mchanganyiko wa visa vya mauaji, tenzi za kanisani, bluzi na utani wa faragha kama "Candy Man Blues", ambao mafumbo yake hayahitaji maelezo kwa msikilizaji wa taarabu.

Kwa anayetaka kununua, nashauri toleo lililoacha mikwaruzo ya santuri mahali pake. Wasafishaji wanaoichuja mno huondoka pia na ncha ya sauti ya nyuzi nyembamba, na gitaa la Hurt bila ncha hiyo linakuwa mlio wa gumba tu. Ninapendelea pia mpangilio unaofuata tarehe za kurekodi, unaoanza na "Frankie" wa Memphis. Matoleo yanayoutanguliza "Avalon Blues" kwa sababu ya hadithi ya 1963 yanaipa ramani ya Hoskins nafasi iliyopaswa kuwa ya mpiga gitaa.