Utambulisho Usiotajwa Katika Kura za Urais wa Marekani

Tangu Kamala Harris aliposhindwa na Donald Trump mwezi Novemba 2024, maelezo yanayosikika zaidi miongoni mwetu tunaofuatilia siasa za Marekani ni mafupi mno: Wamarekani hawajawa tayari kuongozwa na mwanamke, tena Mweusi. Wapo pia wanaodai kwamba Wamarekani Weusi na wanawake ndio walioingiza rangi na jinsia katika sanduku la kura, na kwamba wangeacha kujitazama hivyo siasa za nchi ile zingetulia. Kwa maoni yangu, kauli hizi mbili, ingawa zinaonekana kupingana, zinakosea mahali pamoja. Zote zinaona utambulisho kwa mgombea asiye wa kawaida na kwa makundi ya wachache, huku kundi kubwa kuliko yote, yaani Wazungu, likichukuliwa kana kwamba halina rangi.

Tangu Lyndon Johnson mwaka 1964, hakuna mgombea urais hata mmoja wa chama cha Democratic aliyepata kura za zaidi ya nusu ya Wazungu. Hakupata Jimmy Carter, mkulima wa karanga na mlokole wa Georgia, wala Bill Clinton wa Arkansas. John Kerry, Mzungu aliyepigana vita ya Vietnam, aliambulia takribani asilimia 41 ya kura zao mwaka 2004, kwa mujibu wa mahojiano wanayofanyiwa wapiga kura wanapotoka vituoni. Miaka 4 baadaye Barack Obama, mtoto wa Mkenya, alipata takribani asilimia 43. Anayesema kwamba Mzungu wa Marekani hutazama kwanza sura ya mgombea hana budi kutueleza tofauti hiyo. Ninavyoona mimi, linalotazamwa kwanza ni chama, na chama kinaonekana kusimama na nani.

Jibu la swali hilo lilipatikana mwaka ule ule wa 1964, na Fannie Lou Hamer alikuwa katikati yake. Hamer alikuwa mkulima Mweusi katika shamba la pamba karibu na mji wa Ruleville, Mississippi. Tarehe 31 Agosti 1962 alipanda basi pamoja na wenzake 17 kwenda Indianola kujiandikisha kupiga kura. Walipewa mtihani wa kufasiri katiba ya jimbo, mtihani uliotungwa ili Mweusi afeli, na wakati wa kurudi polisi walilisimamisha basi lao na kumtoza dereva faini kwa kosa la kuendesha basi lenye rangi isiyostahili. Jioni hiyo mwenye shamba alimtaka Hamer afute ombi lake au aondoke katika ardhi aliyoitumikia kwa miaka 18. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alimjibu kuwa hakwenda kujiandikisha kwa ajili yake, bali kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe. Aliondoka usiku huo huo.

Agosti 1964 aliyasema hayo mbele ya kamati ya mkutano mkuu wa Democratic mjini Atlantic City, akitaka ujumbe wa Mississippi uliochaguliwa na Wazungu watupu usipewe viti. Rais Johnson aliitisha ghafla mkutano na waandishi wa habari ili kamera zimwache mama yule, lakini vituo vya televisheni vilirusha ushahidi wake jioni, na nchi nzima ikamsikia. Mwezi uliotangulia Johnson alikuwa ametia saini Sheria ya Haki za Kiraia. Novemba, Mississippi, jimbo lililokuwa ngome ya Democratic kwa vizazi, lilimpa Barry Goldwater wa Republican, seneta aliyeipinga sheria hiyo, asilimia 87 ya kura. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo wa watu kupiga kura kwa rangi yao, na waliofanya hivyo walikuwa karibu wote Wazungu, kwa sababu Weusi wa jimbo lile walikuwa bado wamezuiwa vituoni.

Mshikamano wa wapiga kura Weusi tunaoushangaa leo umetoka katika historia hiyo. Mtu ambaye mama yake au bibi yake alifukuzwa shambani kwa kutaka kupiga kura hahitaji kufundishwa kwamba hatima yake imefungamana na ya jirani yake. Makanisa yanayobeba waumini kwa mabasi kwenda kupiga kura baada ya ibada ya Jumapili yaliufanya uzoefu huo kuwa desturi, pamoja na vyama vya udada vilivyoanzia vyuoni, kama Alpha Kappa Alpha ambacho Harris alijiunga nacho akiwa Chuo Kikuu cha Howard. Hata hivyo mshikamano huo haukuwahi kuwa upofu. Mwaka 2007 Weusi wengi, akiwemo mbunge John Lewis aliyepasuliwa kichwa na polisi kwenye daraja la Selma akiandamana kudai haki ya kupiga kura, walikuwa upande wa Hillary Clinton. Wengi walimhamia Obama baada ya kushinda kura za mchujo za Iowa Januari 2008, yaani baada ya kuona kwamba jimbo la karibu Wazungu watupu limekubali kumpigia kura. Sisi huku, ambako Kenya ilitangaza siku ya mapumziko alipochaguliwa, tuliisherehekea damu yake. Wao walikuwa wanapiga hesabu.

Kwa upande wa jinsia mambo ni tofauti, na ndipo wengi wetu tunapopotea. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1980 wanawake wa Marekani wameipa Democratic sehemu kubwa ya kura zao kuliko wanaume. Lakini ndani ya jumla hiyo kuna mpasuko mkubwa: mwaka 2024, kwa mujibu wa mahojiano ya vituoni, wanawake Weusi wapatao 9 katika kila 10 walimchagua Harris, ilhali zaidi ya nusu ya wanawake Wazungu walimchagua Trump. Tofauti na Weusi, wanawake hawakutengewa mitaa yao wala makanisa yao. Wanaishi nyumba moja na waume, baba na wana wao, wanagawana nao mali, dini na hofu. Katika Missouri, siku ile ile, wapiga kura waliingiza haki ya kutoa mimba katika katiba ya jimbo na wakampa Trump ushindi mkubwa. Wapo basi waliosimama katika kibanda cha kupigia kura, wakatetea mwili wa mwanamke kwenye karatasi ile ile waliyomkatalia mwanamke urais. Hawakujipinga. Waliyaona kuwa maswali mawili.

Mpasuko huu una umri mrefu. Mwaka 1869, Elizabeth Cady Stanton na Susan B. Anthony, watetezi Wazungu wa haki za wanawake, waliachana na Frederick Douglass, mtetezi Mweusi wa haki za watu wake, kwa sababu Marekebisho ya 15 ya Katiba yangempa kura mwanaume Mweusi na kumwacha mwanamke nje, na katika hasira ile Stanton aliwatukana Weusi kwa maneno ambayo wapenzi wa historia yake hawapendi kuyakumbuka. Mwanamke Mweusi alibaki katikati, akiambiwa na kila upande asubiri. Shirley Chisholm, mbunge Mweusi wa Brooklyn, alipogombea tiketi ya Democratic mwaka 1972 aliyakuta hayo hayo: viongozi wengi Weusi, karibu wote wanaume, hawakumuunga mkono, na watetezi wa wanawake walimuunga mkono nusu nusu. Alisema mara nyingi kwamba uanamke ulimzuia katika siasa kuliko weusi wake. Alipata kura za wajumbe 152 huko Miami Beach, na kwa maoni yangu hajapewa heshima anayostahili mpaka leo.

Oktoba 2024 Obama alikwenda Pittsburgh akawakaripia wanaume Weusi, akidai kwamba baadhi yao hawataki tu kumwona mwanamke akiwa rais. Nilisikitika. Zaidi ya 7 katika kila 10 ya wanaume hao walimpigia Harris, kiwango ambacho wanaume wa kundi jingine lolote kubwa hawakukikaribia, huku wanaume Wazungu takribani 6 katika kila 10 wakimchagua Trump, na hakuna kiongozi wa chama aliyesimama kuwauliza kwa nini. Starr, kaunti ya Texas mpakani mwa Mexico ambayo karibu wakazi wake wote ni Walatino, ilimchagua Mrepublican kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 100, na wachambuzi wakajaza kurasa kueleza Walatino wamepatwa na nini. Mabadiliko hayo yanastahili kuchunguzwa, kwa sababu yanaonyesha kwamba kabila na rangi havimfungi mtu katika chama milele. Lakini kura ya Walatino ikihama inaitwa fumbo, na ya Wazungu ikibaki palepale kwa miaka 60 haiitwi chochote.

Februari 2020, huko South Carolina, wapiga kura Weusi, wengi wao wanawake wa makamo waumini wa makanisa, walimwokoa Joe Biden aliyekuwa akielekea kushindwa. Mbunge James Clyburn alimuidhinisha siku 3 kabla ya kura, na ushindi wa jimbo lile ukampeleka hadi Ikulu. Harris mwenyewe alikuwa ameshajitoa kabla ya mwaka kuanza. Waliochagua mzee Mzungu walifanya hivyo kwa kuwa waliwajua majirani zao Wazungu na walijua watakachokubali. Sasa wapo ndani ya Democratic wanaoshauri kwamba mwaka 2028 chama kisimamishe mwanaume Mzungu ili kuepuka siasa za utambulisho. Ushauri huo ni siasa za utambulisho kamili, na watakaotakiwa tena kuinamisha matarajio yao ni wanawake wale wale wanaoipa Democratic kura 9 katika kila 10.