Malindi hadi Lamu: kwa gari au kwa ndege?

Wageni wengi wa Malindi huishia magofu ya Gede na ufukweni, na anayeitaka Lamu hupanda ndege. Barabara ya kaskazini, ile inayovuka mto Sabaki ikapita Gongoni, Garsen, Witu na Hindi mpaka gati ya Mokowe, imeachiwa mabasi na wenyeji. Naona tunapoteza kitu kikubwa, ingawa wanaoiogopa wana sababu.

Juni 2014 mji wa Mpeketoni, huko Lamu, ulishambuliwa, makumi ya watu wakauawa, na tangu hapo magari yameviziwa zaidi ya mara moja kwenye misitu ya baada ya Witu. Mto Tana nao hauna simile: mwishoni mwa 2023 ulifurika, barabara ikakatika upande wa Gamba, wasafiri wakakwama. Mtu mwenye watoto garini akiniambia bora ndege, sitamwita mwoga.

Lakini lami sasa imefika. Kipande cha Garsen hadi Lamu kilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, magari yakilala njiani. Na ndege haikuonyeshi chochote cha huku. Haikuonyeshi chungu za chumvi za Gongoni, nyeupe hadi zinaumiza macho. Wala haikufikishi Marafa, ukichepuka kuelekea bara, kwenye bonde ambalo Wagiriama huliita Nyari. Wazee husimulia kwamba palikaa matajiri walioogea maziwa, ardhi ikawameza. Ukweli ni kwamba mvua ndiyo inayoumega udongo mwaka baada ya mwaka, ikaacha minara ya rangi nyeupe, ya waridi na nyekundu. Nenda saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala: ule wekundu unakolea mpaka unadhani kuna moto chini. Ulale Malindi usiku huo. Lamu iwe ya kesho yake.

Tena kuna riziki. Muuza maembe wa kando ya barabara hapati hata shilingi kwa ndege inayopita juu yake.

Kwa hiyo mimi nasema gari, ila kwa mchana tu. Jioni ya kabla ya safari, pita stendi ya Malindi uwaulize madereva wa mabasi ya Lamu njia ikoje. Wao wameipita jana. Ondoka alfajiri, vitambulisho vya wote viwe karibu, maana vizuizi vya polisi ni vingi. Jua likikuchwea Garsen, lala Garsen. Gari utaliacha Mokowe, boti ikuvushe hadi kisiwani Lamu.