Mgonjwa aambiwe siku ya kung'oa

Juzi mama mmoja aliniuliza, kwa upole ulioniuma kuliko angefoka: "Sasa huo mfupa umekwenda wapi, daktari?" Aling'olewa jino la mbele miaka mingi nyuma, akajinyima akaweka akiba ya kipandikizi, yaani skrubu ya titani inayopachikwa kwenye mfupa wa taya ili kushika jino la bandia, na leo skani inaonyesha ukingo wa taya umebaki na upana wa milimita 4. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mfupa hupungua.

Jamani, kwa nini tunanyamaza? Mfupa ule upo kwa ajili ya jino. Jino likitoka, unaanza kunywea, hasa upande wa mdomo na shavu ambako ukuta wake ni mwembamba tangu mwanzo. Katika mwaka wa kwanza upana unaweza kupungua hadi karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea ndani ya miezi 3 tu! Sisi tunamwambia mgonjwa ang'ate pamba, asisukutue kwa nguvu, aende zake. Maelezo ya dakika chache yangempa nafasi ya kuchagua: tundu lijazwe chembe za mfupa siku ileile, au kipandikizi kipangwe mapema. Kujaza hakuzuii mfupa kunywea moja kwa moja, lakini kunaokoa mwingi.

Kipandikizi cha kawaida kina kipenyo cha milimita 4 hivi, nacho kinahitaji angalau milimita 1 ya mfupa kila upande. Upande wa mbele afadhali 2. Ukilazimisha, ufizi unashuka na titani inaonekana. Eksirei ya kawaida haikuokoi hapa, maana inaonyesha kimo, haionyeshi upana. Anayetoboa taya nyembamba kwa kuitegemea hiyo peke yake anacheza na mwili wa mtu.

Haya, vipo vipandikizi vyembamba, chini ya milimita 3.5, na kwa meno madogo ya mbele ya chini vinafaa. Kwenye magego mimi navitumia kwa shingo upande. Kuongeza mfupa nako hufaulu, ila ni upasuaji mwingine, miezi ya kusubiri na gharama ambayo wengi hawaimudu.

Nakubali, aliyekesha na maumivu hana masikio ya mhadhara. Basi aandikiwe kwenye karatasi, aelezwe akirudi kuangaliwa kidonda.

Nawe unayekwenda kung'oa, uliza kabla ya ganzi: nikitaka kipandikizi baadaye, tufanye nini leo?