Plazma ya magnetari ina kazi gani Tengeru?

Ukitaja utafiti wa plazma (gesi ya chembe zenye chaji ya umeme) ya magnetari, yaani masalia ya nyota zilizokufa yenye usumaku mkali mno, mbele ya mtu wa Arusha, anakujibu papo hapo: tuondoleeni kwanza fluoridi kwenye maji. Ana haki. Maji mengi ya miteremko ya Meru hubeba fluoridi kutoka kwenye miamba ya volkano, na alama yake watu wanatembea nayo kwenye meno. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela pale Tengeru imeshashughulika na vichujio vya maji hayo. Fedha ni chache. Ziende kwenye nyota zilizokufa kwa lipi?

Hoja hiyo ingenishinda kama fizikia hii ingedai mitambo tu. Ipo inayodai: mwaka 2024 watafiti walieleza jinsi walivyotumia protoni zenye nishati ya gigaelektrovolti 440 kule CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Geneva, kuzalisha mkondo mzito wa elektroni na positroni (pacha wa elektroni wenye chaji chanya), wakiiga plazma inayodhaniwa kububujika kutoka kwenye mashimo meusi. Kitu hicho hakijengwi Usa River. Ila magnetari yenyewe haiigwi katika maabara yoyote. Uga sumaku wake hufika tesla bilioni 10 na kupita, wakati mashine ya MRI hospitalini huwa na 1.5 au 3. Kinachobaki kwa wote, tajiri na maskini, ni darubini na hesabu za kompyuta. Data za Fermi, darubini ya miale ya gamma iliyoko angani, ziko wazi, na baadhi ya programu za kuigiza chembe hutolewa bure.

Hapo watetezi wa utafiti huu huchangamka kupita kiasi. Programu ya bure haiji na kompyuta kuu, wala na umeme wake. Tena hata wenye kompyuta hizo hupunja: protoni ina uzito wa elektroni mara 1,836, lakini ili hesabu iishe, mara nyingi huigizwa kwa mara 25 au 100 tu. (Mhandisi wa daraja akifanya hivyo tunamfungulia kesi.)

Plazma ya elektroni na positroni haina kasoro hiyo, kwa kuwa chembe zake zina uzito sawa, na ndiyo inayotarajiwa kuzizunguka magnetari na pulsa (masalia ya nyota yanayozunguka kwa kasi). Kwa hiyo ningeruhusu mwanafunzi mmoja au wawili waanzie hapo, kwa uigaji wa kompyuta wa vipimo viwili (kama mchoro bapa) badala ya vitatu, wakiwa na msimamizi mwenza wa nje mwenye muda wa kompyuta kuu wa kuwagawia. Idara mpya, hapana. Na bajeti ya vichujio isiguswe hata shilingi.